Safu ya Lugha: Moduleta

Fundi wa mkongo wa mawasiliano akisema "moduleta", wapo wanaomtaka aseme "kirekebisha nuru". Siungi mkono. Kurekebisha ni kuondoa kasoro, na nuru ya leza inayoingia humo haina kasoro yoyote. Imetulia tu, haijabeba ujumbe. Kazi ya moduleta ni kuibebesha.

Nuru hugawanywa njia mbili ndani ya fuwele ya lithiamu niobati. Ukiiwekea fuwele umeme, mwendo wa nuru hubadilika kidogo, jambo lililochunguzwa na Mjerumani Friedrich Pockels mwaka 1893. Njia zikikutana tena, mawimbi yanayolingana huongezana nguvu, yaliyopishana huzimana. Hapo zinapatikana moja na sifuri.

Ugumu huja masafa yakipanda. Wimbi la umeme na la nuru lazima yaende mwendo mmoja. Moja likitangulia, ujumbe huvurugika. Elektrodi zinazopitisha umeme huo nazo, kwa kuwa ni za metali, huzidi kumeza nguvu. Tiba iliyozaa matunda ni wembamba: utando wa fuwele usiofika elfu moja ya milimita, elektrodi zikasogezwa karibu na nuru. Mwaka 2018 watafiti wa Harvard na Nokia Bell Labs walionyesha moduleta ya namna hiyo iliyotosheka na chini ya volti 2. Zile nene hudai 3 hadi 5.

Ngeli yake ni I-/ZI-, kama redio: moduleta hii, moduleta hizi. Neno "mamoduleta" silichapi.