Mganga, Mchawi na Kabila la Nacirema

Mwaka 1956 jarida la American Anthropologist lilichapisha makala fupi ya Horace Miner, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Michigan, kuhusu kabila moja la Amerika ya Kaskazini liitwalo Nacirema. Watu hawa, aeleza Miner, huamini kwamba mwili wa binadamu ni kitu kibaya chenye mwelekeo wa kuoza na kuugua, na tumaini lao lote liko katika matambiko. Kila nyumba ina chumba chake cha tambiko. Ukutani mna kisanduku cha hirizi na dawa, na chini yake beseni la maji ya kutawadhia. Kila siku mtu hutia kinywani kifungu cha nywele za nguruwe pamoja na unga wa kichawi, akakisogeza huku na huko kwa utaratibu maalumu. Mara moja au mbili kwa mwaka humwendea mganga wa vinywa, ambaye humtoboa meno, naye hurudi tena mwaka unaofuata ingawa meno yanazidi kuoza. Wanaume hujikwangua nyuso kwa kitu chenye makali. Wanawake huoka vichwa vyao katika vijitanuri. Wagonjwa mahututi hupelekwa katika hekalu liitwalo latipso.

Nilipowasomea wanafunzi wangu wa mwaka wa pili muhtasari huu kwa Kiswahili, darasa lilijaa minong'ono. Mmoja aliuliza kwa nini serikali ya huko haiwasaidii watu hao waachane na uchawi. Nikaandika "Nacirema" ubaoni, nikawaomba walisome neno hilo kutoka kulia kwenda kushoto. Kabla kicheko hakijaisha, binti mmoja wa safu ya nyuma alikuwa amekwisha kuligeuza neno "hospitali" katika daftari lake.

Ndugu msomaji, Miner hakusema uongo. Mswaki ulikuwa mswaki na wembe ulikuwa wembe. Alichobadilisha ni msamiati tu. Alieleza bafu la Mmarekani kwa maneno ambayo wenzake wa fani ya anthropolojia walikuwa wameyazoea walipoandika juu ya Waafrika, Wahindi Wekundu na watu wa visiwa vya Pasifiki. Tabia ya kupima mila za wengine kwa mizani ya kwenu, yaani etnosentrizimu, ilikuwa imekwisha kupewa jina, na jina hilo likaenezwa na William Graham Sumner katika kitabu chake cha 1906. Miner hakuifafanua upya. Alimfanya msomaji aifanye mwenyewe, kisha ajifumanie. Nadhani alijicheka naye pia: miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu kiitwacho The Primitive City of Timbuctoo, na hivyo mji uliosifika kwa wanazuoni na maktaba za Kiislamu ukawekwa, katika jalada tu, miongoni mwa miji ya watu wasioendelea.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni jambo la lugha. Darasani, "mganga wa vinywa" hakumshtua mtu. Kwa nini ashtuke? Tanzania, daktari wa serikali anayesimamia afya ya wilaya huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kwa Waganda, omusawo ni yule wa hospitali na pia yule wa mitishamba. Neno "dawa" nalo halibagui: kwinini ni dawa, kombe ni dawa, na tuna dawa ya meno na dawa ya viatu. Mpaka ambao Miner alitaka kuuvuka kwa kejeli, kati ya tabibu wa kizungu na mtu wa hirizi, Kiswahili hakikuuchora mahali hapo. Kiliuchora kati ya mganga na mchawi. Mmoja huponya, mwingine huua.

Kumbe waliposhtuka wanafunzi, walishtushwa na neno langu mwenyewe, "kichawi". Kiingereza cha Miner kilizungumzia nguvu za siri bila kumshtaki mtu. Mimi, kwa kutafsiri haraka, niliwatia Wanacirema hatiani.

Kosa hilo lina historia ndefu, na mara nyingi lilikwenda upande wa pili. Maandishi ya Kiingereza ya wakati wa ukoloni yalizoea kumwita mganga "witch doctor", yaani yakamfunga jina la adui yake. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya 1928, katika kueleza maana ya uchawi, ilijumuisha hata madai ya kuwa na nguvu au elimu ya siri, na mpiga ramli hakuwa mbali na kunaswa humo. Linganisha na Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin. Jando, arusi, pepo na uganga vinasimuliwa humo kwa sauti ya mtu anayeeleza mambo ya nyumbani kwake.

Wala tusijitoe. Darasa lilipotafuta tafsiri ya etnosentrizimu, kijana mmoja alipendekeza "kujiona mstaarabu". Wenzake walimcheka, lakini alikuwa amegusa penyewe. Asili ya "kustaarabu" ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuwa kama Mwarabu, na lilishika nguvu pwani katika karne ya 19, enzi ya utawala wa Waomani wa Zanzibar. Kabla yake sifa ya mtu wa mjini ilikuwa uungwana. Aliyebaki nje ya mji aliitwa mshenzi, chini ya mizani yoyote kati ya hizo mbili.

Muhula huu nimeirekebisha tafsiri yangu. "Unga wa kichawi" umekuwa "dawa ya unga". Wanafunzi wapya walisikiliza hadi mwisho bila mnong'ono hata mmoja, ikanibidi niwaeleze kilichowachekesha Wamarekani.