Utamu Uliojificha katika Ugali

Tufanye jaribio dogo mezani. Tutwae tonge la ugali wa muhogo bila mboga, tulitafune polepole, tusilimeze upesi. Baada ya kitambo litaanza kuwa tamu. Utamu huo umetoka wapi, na mpishi hakutia sukari?

Mama zetu wapikao pombe walitumia siri hiyo tangu zamani. Huloweka ulezi, huuacha uote, huuanika, huusaga. Kimea hicho kikitiwa katika uji mzito, uji huwa mwepesi na mtamu. Hawakuandika vitabu, lakini kazi yao ilikuwa sahihi.

Wenye elimu wa Ulaya waliichunguza siri hiyo baadaye. Mwaka 1811, sukari ya miwa ilipokuwa adimu kwa sababu ya vita vya Napoleon, Kirchhoff alichemsha wanga pamoja na asidi kali huko Saint Petersburg, akapata sukari. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walitoa katika kimea kile kitu kinachovunja wanga. Kitu cha namna hiyo kimo pia katika mate yetu; ndicho kilicholitia utamu tonge letu.

Basi wanga ni nini? Ni sukari ndogo iitwayo glukosi, iliyoungwa mara nyingi sana kama shanga katika uzi. Kila glukosi ina atomu 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Jani huitengeneza kwa maji, hewa na mwanga wa jua, na muhogo huiweka mizizini kuwa akiba. Emil Fischer, Mjerumani, alifumbua umbo la sukari hizo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Tena tazameni ajabu: nyasi nazo zimejengwa kwa glukosi ile ile, ila imeungwa kwa namna nyingine. Mate yetu hayawezi kuufungua muungano huo. Ng'ombe wa Nioka huweza, kwa kuwa tumboni mwake wamo vijidudu vimsaidiavyo. Hata mwili wetu una ghala lake: mwaka 1857 Claude Bernard alitenga wanga uliomo katika ini. Ini la mtu mzima huweka gramu 100 hivi, nazo huisha karibu zote mtu akikaa siku nzima bila kula.

Lakini hapa pana onyo. Muhogo ulitoka Brazil. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16, ukaenea hadi bara. Hukaa ardhini mwaka na zaidi ukimngoja mwenyewe, nao ni msaada mkubwa wakati wa njaa, na hapa Ituri wakati wa vita. Hata hivyo unga wake ni wanga karibu mtupu. Katika gramu 100 protini ni gramu 1 au 2 tu, ambapo maharagwe makavu yana zaidi ya 20. Wanga ni kuni za mwili. Kuni huwasha moto, lakini hazijengi ukuta.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams alieleza habari za watoto wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, waliolishwa uji wa mahindi baada ya kuachishwa ziwa. Walivimba miguu, ngozi ikabambuka. Ugonjwa huo ni kwashiorkor. Chanzo chake si kimoja, lakini mtoto alishwaye wanga peke yake yumo hatarini. Mzazi huona mashavu ya mviringo, akadhani mtoto amenenepa. Hali ikizidi, husema amerogwa. Sisi tufundishao dini tusinyamaze tusikiapo hayo.

Kwa hiyo tonge lisiingie peke yake kinywani mwa mtoto. Liandamane na maharagwe, karanga, au samaki wadogo wa Ziwa Albert. Akivimba miguu, tumpeleke kituo cha afya siku ile ile. Na tukumbuke kwamba katika Baba Yetu hakuna anayejiombea chakula peke yake. Sote twaomba kwa ajili ya sote. Basi mwenye maharagwe amwangalie mtoto wa jirani asiye nayo.