Kichaka Kilichokuja Baada ya Ng'ombe

Kaskazini kabisa mwa dunia, huko Alaska, Norway na Siberia, ipo nchi ya baridi kali iitwayo tandra. Miti haioti, ni majani mafupi yaliyolala chini. Kwa miongo kadhaa sasa wataalamu wanaona vichaka vikipanda milima ya huko na kuyafunika majani hayo, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto. Lakini wameona na la pili. Pale wanapolishwa kulungu wa nchi za theluji, vichaka hukua kwa taabu. Joto linakiita kichaka, midomo inakirudisha nyuma.

Mambo haya si mageni Bariadi.

Mwaka 1887 ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Kufikia 1891 ulikuwa umeshapita Umasaini na Usukumani. Ng'ombe walikufa makundi kwa makundi, na nyati na nyumbu vilevile. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Umasaini mwaka 1892, alikuta watu wamebaki mifupa kwa njaa. Ndui nayo haikuwa mbali. Sasa fikiria, msikilizaji: mbuzi wa kutafuna miche ya migunga hakuna, mwenye shoka amekufa au amehama, shamba limelala. Miche ikasimama, ikawa pori. Na pori likaleta mbung'o, mbung'o akaleta malale. Waliosalia wakazidi kusogea, na pori likawafuata nyuma. Hakuna aliyeupanda msitu ule, wala haikuwa mvua iliyozidi.

Mwaka 1922 malale yakazuka upande huu wa Mwanza. Mwingereza Swynnerton alikuja kuchunguza, na baadaye akaongoza utafiti wa mbung'o uliokuwa na makao yake Shinyanga, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Jina lake ndilo lililo vitabuni. Waliofyeka ni Wasukuma, maelfu kwa maelfu, wakiitwa na watemi wao, kwa mashoka yao wenyewe.

Wakafyeka, na watoto wao wakaendelea kufyeka, maana pamba ilikuja na ilitaka nafasi. Likatoweka hata lile pori lililofaa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na Bariadi ilikuwa bado ndani ya mkoa huo. Simiyu ilizaliwa 2012. Dawa iliyofaa haikutoka ng'ambo. Ilikuwa ngitili, desturi ya Kisukuma ya kufunga malisho wakati wa masika ili yafunguliwe kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti.

Hapa naomba tusiharakishe, maana jirani yetu Serengeti ana kisa kinachovuruga hesabu. Ng'ombe walipochanjwa, sotoka iliwatoka nyumbu pia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 wakapita milioni moja. Wakala nyasi, moto ukakosa kuni, na miti ikaongezeka! Kwa hiyo midomo haifanani: mbuzi hula mche, nyumbu hula nyasi zinazobeba moto wa kuuua mche.

Joto linaloitikisa tandra limeshafika kwetu, na tayari wafugaji wengi wa Kisukuma wamehama na mifugo yao kwenda Usangu, Rukwa, Morogoro hata Lindi. Ardhi waliyoiacha na ile waliyoikuta zote mbili zinabadilika vichaka vyake. Nikisikia mpango wa malisho unaohesabu ng'ombe na mvua tu, huwa nauliza: mbuzi wako wapi, shoka limeshikwa na nani, na moto unawashwa mwezi gani?