SAFARI NA MTOTO, SEHEMU YA 4: Chumba cha melini kisicho na dirisha



Sehemu iliyopita tulimaliza mambo ya ndege na masikio ya watoto. Leo tunapanda meli. Wengi wenu mlioko Ulaya na Ghuba mmeniuliza swali moja: kwenye hizi meli kubwa za kitalii, chumba cha bei nafuu kabisa huwa ni cha ndani, katikati ya meli, hakina dirisha. Je, nilale humo na mtoto mdogo? Wengine mmeongeza kwamba bibi wa mtoto amekataa katakata. Amesema hicho si chumba, ni kaburi.

Nitajibu. Ila kwanza tupitie historia kidogo, maana bibi hajasema upuuzi. Hofu yake ina miaka mingi na kuna wakati ilikuwa sahihi kabisa.

Enzi za matanga

Miaka ya 1800, familia maskini za Ulaya zilizohamia Marekani na Kanada hazikuwa na chumba chochote melini. Zilikaa sitaha ya chini, juu kidogo ya ngama. Meli nyingi za Kanada zilikuwa za kubeba mbao kuleta Uingereza, na wakati wa kurudi zinapakia watu badala ya kwenda tupu. Vitanda vilikuwa vya mbao, ghorofa mbili, na familia nzima inabanana kwenye kitanda kimoja.

Hewa iliingia kwa kilango cha juu, palepale watu wanaposhukia ngazi. Sasa fikiria siku ya dhoruba. Mawimbi yanapanda sitahani, mabaharia wanafunga kile kilango maji yasiingie. Huko chini mmebaki na giza, matapishi, ndoo za choo na watoto wanaolia. Inaweza kuwa siku moja, inaweza kuwa tatu.

Mwaka 1847, wakati wa njaa ya viazi huko Ayalandi, maelfu walipanda meli za namna hiyo. Walipofika Kanada walishushwa kwenye kisiwa cha Grosse Île, karibu na Quebec, penye kituo cha karantini. Wengi walikuwa na homa ya tifasi. Zaidi ya watu 5,000 walizikwa kisiwani hapo mwaka huo. Watoto wengi walibaki yatima, na familia za Quebec zikawachukua kuwalea.

Kama nesi niweke jambo moja sawa. Watu wa zamani waliamini kwamba harufu mbaya yenyewe ndiyo inaleta tifasi. Siyo. Tifasi ile inaletwa na chawa. Lakini chawa wanahama haraka watu wakibanana bila maji ya kuoga wala nguo za kubadili. Na kuna magonjwa ambayo kweli yanapita kwenye hewa iliyofungiwa, kama surua na kifua kikuu. Kwa hiyo waliopigania hewa safi walikuwa wanapigania uhai, hata kama sababu waliyoitaja haikuwa sahihi yote.

Vita ya kuingiza hewa

Vita hiyo ilianza mapema. Miaka ya 1740, mchungaji wa Kiingereza aitwaye Stephen Hales alitengeneza mivukuto mikubwa ya kusukumwa kwa mikono, kama ya mhunzi, ili kutoa hewa chafu ndani ya meli na kuingiza mpya. Mabaharia nao walitumia turubai iliyoshonwa kama bomba, mdomo wake juu ukielekea upepo, mkia wake ukishuka hadi chini. Mwaka 1848 Marekani ikatunga sheria maalumu ya kulazimisha meli za abiria ziwe na njia za hewa.

Baadaye ikaja mvuke, kisha umeme, na feni za kusukuma hewa kwenye mabomba. Hata hivyo watu waliendelea kukitaka kile kidirisha cha mviringo, hasa meli zilizopita nchi za joto. Kampuni ya Bibby ya Liverpool, iliyokuwa na meli za kwenda Burma, ikawa maarufu kwa mpango wake: chumba cha ndani kinachongewa kijia chembamba mpaka ubavuni mwa meli, ili nacho kipate kidirisha chake. Ukikitazama kutoka juu kina umbo la herufi L. Yote hayo ili mtu apate upepo kidogo usiku.

Kwetu pwani wazee wanazikumbuka Karanja na Kampala, meli za kampuni ya British India zilizoanza kazi mwaka 1947 na 1948. Zilikwenda kati ya Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kuendelea kusini hadi Durban. Wenye uwezo walikuwa na vyumba. Wengi hawakuwa navyo, walitandika na kulala sitahani pamoja na watoto wao. Kwa hiyo bibi anayesema “melini lala penye upepo” huenda amelisikia kwa mama yake, na mama yake alikuwa anasema jambo aliloliona.

Kiyoyozi kikabadilisha mambo

Meli ya Marekani iitwayo United States, ya mwaka 1952, ilikuwa kati ya zile za mwanzo kuwa na kiyoyozi karibu kila mahali. Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Kama hewa inaletwa na mashine, dirisha si lazima tena. Halafu ndege zikawachukua abiria wa safari ndefu, na meli zikabaki na biashara ya utalii. Wajenzi wakaanza kutanua meli, na lile eneo la katikati wakalijaza vyumba vya ndani vya bei ya chini. Familia ambazo zisingeweza kabisa kulipia, zikaweza.

Wapo waliokataa mtindo huo. Royal Princess ya mwaka 1984 ilijengwa vyumba vyote vikiwa vya nje. Wapo waliotafuta njia ya kati: Voyager of the Seas ya mwaka 1999 ina vyumba vya ndani vyenye madirisha yanayotazama barabara ya maduka iliyomo humohumo melini. Na Disney Dream, iliyoanza safari mwaka 2011, iliweka kwenye vyumba vya ndani skrini ya mviringo inayoonyesha bahari ya nje wakati huohuo kwa kamera.

Hapa nina kautamu kwa ajili ya watu wa Kigoma. Disney Dream ilijengwa na Meyer Werft, kiwanda cha meli cha Papenburg, Ujerumani. Ndicho hichohicho kilichojenga Liemba mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaletwa hadi Ziwa Tanganyika na kuungwa upya. Hivyo usiseme mambo ya meli ni ya wazungu peke yao.

Februari 2020

Tukadhani tatizo la chumba cha ndani limekwisha. Kisha ikaja Korona. Meli Diamond Princess ilikuwa imetia nanga Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Kuanzia tarehe 5 Februari abiria waliambiwa wakae vyumbani. Mwenye roshani alitoka nje akaota jua. Aliyeko chumba cha ndani alibaki na kuta nne na taa, hajui kama ni asubuhi au usiku. Ndiyo maana abiria wa vyumba visivyo na madirisha walikuwa wa kwanza kuruhusiwa kupanda sitahani kwa zamu, wakiwa wamevaa barakoa. Mwisho wa yote watu 712 waliambukizwa, wakiwemo wafanyakazi, ambao waliendelea kuhudumia na kulala kwa kuchangia vyumba.

Hapo nadhani mnaona historia inatuambia nini. Hewa, ambayo ndiyo iliyoua zamani, mashine imeibeba. Kilichobaki ni mwanga, na uwezo wa kutoka nje. Chumba cha ndani kinafaa kwa mtu anayeweza kutoka.

Basi, na mtoto je?

Kama nyote ni wazima na mtashinda sitahani, chumba cha ndani kitawatosha kwa kulala. Giza lake hata linawasaidia watoto wengi wasiamke alfajiri. Ila zingatia haya:

1. Mwanga wa mchana. Mtoto mchanga bado anajifunza mchana na usiku. Kila asubuhi mtoe nje akaone mwanga. Usimwache gizani mpaka saa nne eti kwa sababu amelala vizuri.

2. Kulewa bahari. Chumbani huoni upeo wa macho, na kichefuchefu huzidi. Chagua chumba cha katikati, sitaha za chini, ndipo meli inapoyumba kidogo. Mtoto akianza kutapika, panda naye juu, mnyonyeshe au umpe maji kidogokidogo. Dawa za kichefuchefu usimpe aliye chini ya miaka 2 bila daktari.

3. Pa kulala. Omba kitanda cha mtoto kabla ya safari. Alale chali, godoro gumu, bila mto. Kitanda cha juu si cha mtoto mdogo.

4. Mikono. Ugonjwa wa kuhara na kutapika unasambaa haraka melini. Maji na sabuni, jamani. Ile jeli ya spiriti haiwezi vizuri kirusi cha norovirusi.

5. Umri. Kampuni nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kuu nyingi zinataka afike miezi 12. Uliza kabla ya kulipa.

Lakini kama una mtoto mwenye pumu inayomsumbua mara kwa mara, au wewe mwenyewe umejifungua juzijuzi na moyo umekuwa mzito, au kuna mtu anayepata hofu akifungiwa, mimi nasema ongeza pesa uchukue chumba chenye dirisha. Ukikosa pesa hiyo, punguza siku za safari ubaki na dirisha.

Na bibi wa mtoto usimcheke. Mwambie, “Mama, hewa ipo, na kila asubuhi nitamtoa juani.” Nadhani hilo ndilo alilotaka kusikia.

Sehemu ya 5 tutaongea chanjo kabla ya safari. Tafuteni kadi za kliniki mapema.