Klachi isiyoshikwa, mchanga wa Matema na mkono wa kushoto wa mjomba

Najua nimepotea. Nimerudi chuo wiki hii, boom halijaingia, na chumba chetu bado kina harufu ya likizo. Nilikuwa nyumbani Kyela, na nimerudi na stori iliyonifanya nijifungie siku mbili nzima nasoma vitu ambavyo havimo kwenye kozi yangu hata moja.

Iko hivi. Mjomba wangu alikuwa bodaboda. Njia yake ilikuwa Kyela mjini, Ipinda hadi Matema, tangu enzi za matope kabla lami haijafika. Miaka kadhaa iliyopita alianguka usiku, na vidole vitatu vya mkono wa kushoto vikabaki vimenyooka, havikunji. Jembe anashika, mpunga anapanda, wali anakula. Ila klachi hawezi. Na nyie mnajua bodaboda zetu, iwe Boxer, TVS au zile za Kichina, kama huwezi kuvuta klachi kwa kushoto huendi popote. Pikipiki ikauzwa, stori ikaishia hapo. Ni mtu asiyelalamika, ila ukipita na pikipiki atageuka tu kuiangalia.

Sasa Agosti akaja mgeni wa Afrika Kusini, amepitia Malawi na kuingia kwa mpaka wa Kasumulu, akapiga hema Matema. Nyuma ya pick-up amefunga pikipiki ya motokrosi, ile mirefu yenye matairi ya meno. Jioni akawa anaichezea ufukweni. Nikamuona anaondoka, anasimama, anaondoka tena, na mkono wa kushoto hauvuti kitu. Nikamwambia mjomba, "Huyu haguzi klachi." Mjomba akasema namdanganya. Tukaenda.

Mgeni ni mtu poa, akaniachia nijaribu. Duh! Unaweka gia ya kwanza bila kushika chochote, pikipiki imetulia tu, injini inanguruma taratibu. Unavuta mafuta, inaondoka yenyewe. Unafunga breki mpaka inasimama, haizimi. Kwenye mchanga mlaini, pale ambapo mtu wa kawaida huzima mara tano, mimi nilikuwa naogelea tu kama dagaa. Nikavimba kichwa. Niliporudi nikashuka pembeni nikiwa nimeshika usukani, nikasahau kwamba gia imo. Nikagusa mafuta kidogo tu... ikaruka kama mbuzi, ikaniburuza hadi majini. Watoto wa Matema walicheka mpaka wakakaa chini. Ndio ubaya wake wa kwanza: ikiwa kwenye gia na injini inawaka, inaonekana kama iko free. Ubaya wa pili, mgeni alisema hiyo yake huwezi kuiwasha kwa kusukuma, na ukiizima ukaiegesha mlimani na gia, gia haiishikilii, itateremka zake.

Kwa wale wasiojua mambo ya gereji: klachi ya kawaida pleti zake zimebanwa na springi muda wote, na wewe ukivuta mkono ndio unaziachanisha. Hii ni kinyume. Pleti zimeachiana mpaka injini izunguke kasi. Mzunguko unasukuma vitu vizito kwenda nje, na vyenyewe ndivyo vinavyobana pleti. Umewahi kuzungusha ndoo ya maji kwa kamba? Nguvu ni ile ile. Mkono wa klachi upo palepale ukiutaka, ila unaondoka na kusimama bila kuugusa.

Hapo ndipo nikaanza kuchimba. Mimi nilidhani kitu hiki kimebuniwa kwa ajili ya mabingwa wa mashindano. Kumbe mabingwa walikuja mwishoni kabisa. Ukifuata historia yake unakuta mtu ambaye mkono wake una kazi nyingine.

Anza Japani. Mwaka 1956 Soichiro Honda na mwenzake wa upande wa biashara, Takeo Fujisawa, walikwenda Ulaya kuangalia pikipiki ndogo za huko. Fujisawa alitaka pikipiki ambayo kijana wa mgahawa angeweza kuiendesha kwa mkono mmoja, huku mwingine umebeba sinia la soba, yaani tambi zao. Agosti 1958 ikatoka Super Cub, sisi 50, gia tatu, matairi ya inchi 17 kwa sababu barabara za Japani wakati huo zilikuwa mbovu. Klachi yake ni ya mzunguko, na ukikanyaga gia, pedali yenyewe inaiachia klachi. Kushoto hakuna cha kuvuta kabisa. Hadi Oktoba 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100, na hakuna chombo cha moto kingine kilichofika huko. Milioni mia, jamani, kwa sababu ya sinia la tambi! (Ile ya sisi 50 Honda waliacha kuitengeneza Japani mwaka 2025, sheria za moshi zimeikaba, ila kubwa zake zipo.)

Kituo kingine ni Sweden. Jeshi la kule lilitaka pikipiki ambayo kijana aliyeingia jeshini juzi ataimudu haraka, hata kwenye theluji. Huko mwendeshaji anafunga mbao mbili za kutelezea pembeni na kuweka miguu juu yake, kwa hiyo mambo ya gia na klachi ni mateso. Husqvarna wakawatengenezea yenye gia za kujiendesha zenye klachi za mzunguko. Baadaye wakawauzia raia, na watu wakaanza kuingia nayo kwenye mashindano ya porini. Honda nao walileta ya kwao kwenye motokrosi yenyewe, RC250MA, ikachukua ubingwa wa Japani mwaka 1991. Halafu haikuuzwa dukani! Mpaka leo sielewi, mtu unashinda halafu unaficha.

Hii ya mgeni wa Matema ni kizazi kingine. Mwaka 2002 Mmarekani Al Youngwerth alianzisha kampuni ya Rekluse huko Idaho. Klachi yao ya mwanzo ilikuwa na gololi za chuma zinazopanda vijitelemko kadiri injini inavyozunguka, zikifika juu zinabana pleti. Hubadilishi pikipiki, unafungua kifuniko cha klachi unabadilisha vya ndani. Bei ni dola mia kadhaa, na zinatengenezwa kwa pikipiki maalumu.

Turudi Matema. Mimi nikiwa bado najikung'uta mchanga, mjomba akamsogelea mgeni, akamuonyesha ule mkono wake bila kusema neno. Mgeni akauangalia, akamuangalia usoni, akampa kofia ngumu yake mwenyewe. Nikataka kumuelekeza mjomba habari za gia. Akanijibu, "Mjomba, wewe umetoka majini sasa hivi, utanifundisha nini?" (Kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo hivyo.)

Akaondoka. Taratibu kwanza, kiganja cha kushoto kimekaa tu juu ya usukani na vile vidole vimenyooka mbele kama vinaonyesha njia. Alipofika karibu na mitumbwi akageuza. Wakati wa kurudi alikuwa amesimama juu ya pedali, milima ya Livingstone nyuma yake, na spidi ambayo shangazi asingeipenda. Alizunguka mara nne. Aliposhuka alimwambia mgeni "Ndaga fijo" mara mbili, akaondoka kwenda kukaa kwenye mtumbwi. Nikamuacha kwanza.

Usiku nikamweleza yote niliyosoma kwenye simu. Kuhusu Rekluse akacheka, dola mia kadhaa kwa klachi tupu wakati pikipiki yenyewe hana. Skuta hataki, na ana hoja: mkono wa kushoto wa skuta ni breki, halafu magurudumu yake madogo yataishia kwenye matope ya Aprili. Lakini nilipofika kwenye Super Cub akanyamaza muda mrefu. Breki ya nyuma kwa mguu, ya mbele kwa kulia, kushoto hakuna kitu.

"Hiyo ya kubebea tambi," akauliza, "inabeba gunia la mpunga?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitaulizia Dar. Kwa hiyo wadau, mwenye kujua wapi zinauzwa za namna hiyo, hata iliyotumika, na spea zinapatikana au la, anitafute bwenini. Mpunga wake unavunwa mwezi wa sita, na ameshaniambia magunia mawili ni ya kazi hiyo.