Aliyepanda na Atembeaye: Adabu ya Salamu za Baiskeli Kibaha na Kisarawe

Neno *kuamkia* limezaliwa na neno *kuamka*. Hapo kale kumwamkia mtu kulikuwa ni kumwendea asubuhi ili kujua ameamkaje, na kwa hiyo maamkizi yalidai mambo matatu: miguu ya kumfikia mwenzio, kusimama mbele yake, na subira ya kungoja jibu. Jibu nalo halikuwa moja. Uliulizwa hali yako, kisha ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, na ukimaliza kujibu ilikuwa zamu yako kuuliza. Mtu hakuweza kuyafanya hayo huku akipita. Maamkizi ya Kiswahili yalijengwa na watu waendao kwa miguu, na yalipimwa kwa mwendo wa miguu.

Makala haya yanahusu yaliyotokea pale maamkizi hayo yalipopandishwa juu ya magurudumu mawili. Nitachukua mfano wa njia za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, kwa kuwa ndizo nilizozipita kwa baiskeli kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ualimu, na ndiko nilikofunzwa adabu hiyo kwa aibu.

Baiskeli tuijuayo leo, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitengenezwa na John Kemp Starley mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, akatengeneza tairi la kujazwa upepo. Chombo hicho kilipoingia Afrika Mashariki, waliokipanda mwanzoni walikuwa watu wa ofisi na wa misheni. Kisha, kati ya vita vikuu viwili vya dunia, kikawafikia karani, mwalimu, katekista, dresa, na mkulima aliyeuza zao lake vizuri. Kisarawe ilikuwa na watu wa namna hiyo mapema. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameweka vituo Kisarawe na Maneromango tangu miaka ya 1890, na mwaka 1925 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishiwa Minaki kutoka Kiungani, Unguja. Palipo na chuo pana walimu, na mwalimu wa zama hizo akipata fedha kidogo alinunua baiskeli.

Hivyo baiskeli ilianza kama cheo, na hapo ndipo adabu ilipopata mtihani. Mtu aliyeketi juu ya tandiko humtazama atembeaye kutoka juu, humfikia kwa ghafla, na humwacha kabla hajamaliza neno. Je, nani amwanze mwenzake?

Katika pwani yetu palikuwa na sheria mbili, na kila moja ilikuwa na jibu lake. Ya kwanza ni ya umri: mdogo humwamkia mkubwa. *Shikamoo*, ambayo maelezo yaliyozoeleka huitoa katika maneno ‘nashika miguu’, hupanda kutoka chini kwenda juu, na *marahaba* hushuka. Wapo walioitilia shaka salamu hiyo kwa kuona ina harufu ya bwana na mtwana, lakini ilidumu, kwa sababu watu waliifanya kuwa ya umri badala ya daraja. Wahenga walikwisha kusema kwamba heshima si utumwa.

Sheria ya pili ni ya njiani. Imo katika Hadithi mashuhuri ya Mtume, iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, inayofundisha kwamba aliyepanda amsalimie atembeaye, atembeaye amsalimie aliyeketi, na wachache wawasalimie wengi. Wazaramo walio wengi ni Waislamu, na fundisho hilo lilijulikana vijijini hata kwa wasioweza kulitaja kwa asili yake. Lilinenwa kuhusu mpanda mnyama, lakini lilipofika kwa mpanda baiskeli lilimkaa sawasawa, kana kwamba limeshonwa kwa ajili yake. Huelekea upande ulio kinyume na ule wa *shikamoo*: hapa aliye juu ndiye mwenye deni, na aliye na wepesi humwanza aliye na uzito.

Kijana aliyepanda akikutana na mzee atembeaye hapana tatizo, maana sheria zote mbili humwagiza kijana aanze. Tatizo huja pale mzee anapokuwa juu ya baiskeli na mtoto anapokuwa chini kwa miguu. Sheria ya umri humtaka mtoto aanze, na sheria ya njia humtaka mzee aanze. Watu wa njia hizi walilitatua jambo hilo kwa ufundi wa lugha. Mzee huanza: “Hujambo, mwanangu?” Mtoto hujibu: “Sijambo. Shikamoo!” Mzee humalizia: “Marahaba!” Aliyepanda ameanza kunena, na aliye mdogo ndiye aliyetoa shikamoo. Sheria zote mbili zimetimizwa katika maneno matano, na hakuna aliyepungukiwa na heshima.

Kilichobaki ni muda. Baiskeli mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda kilomita 15 kwa saa, husogeleana kwa mita zipatazo 8 kila sekunde. Sauti ya kawaida ikisikika vizuri kwa umbali wa mita 25, wapandaji wana sekunde tatu tu za kuamkiana na kujibizana. Washairi watafurahi kusikia kwamba tatizo hili la muda lilitatuliwa na mizani. *Shi-ka-mo-o* ni mizani minne, *ma-ra-ha-ba* ni mizani minne. Jumla ni minane, kipande kimoja kamili cha mshororo wa mizani kumi na sita. Wapandaji wakiwa wawili wawili, “Hamjambo?” na “Hatujambo!” nazo hutoa minne kwa minne. Kipande hicho hutosha ndani ya sekunde tatu bila mtu kukazana, na masalio ya pumzi hutosha kwa “Habari za huko?” ambayo jibu lake husikika nyuma ya mgongo. Wanapokutana vijana, “Mambo?” na “Poa!” ni mizani minne tu, nusu ya kipande. Siisemi kwa kuwabeza. Ni salamu halali ya watu wa rika moja. Naionya tu kwamba mizani iliyosalia ni deni, na anayekutana na mkubwa wake hana budi kuilipa.

Juu ya maneno hayo kulikuwa na adabu za mwili ambazo sisi tulizifunzwa bila kuandikiwa. Mkono unaoinuliwa ni wa kulia. Anayeshika breki kwa mkono wa kulia kwenye mteremko aache mikono yote miwili katika usukani na asalimu kwa sauti, maana mkono wa kushoto ukiinuliwa hukashifu. Ukikutana na mkweo, au na mzee unayemheshimu kwa namna ya pekee, unashuka, unasimama, na unaamkia ukiwa umeishika baiskeli ubavuni. Ukikutana na jeneza unashuka pia, na husemi neno mpaka watu wapite. Aliyepakiwa kwenye keria naye ni msafiri: ana salamu yake mwenyewe, na mwendeshaji hamjibii. Ukipita penye watu walioketi chini ya mwembe, hata wakiwa ishirini, wewe mmoja ndiye uanzaye, na kama wapo wakubwa zako unasema “Shikamooni!” kwa wingi.

Kengele ina sura yake. Wageni wengi wa baiskeli hudhani kengele ni salamu. Kengele ni hodi. Hupigwa kwa mbali, kidogo, ili atembeaye ajue kwamba kuna mtu nyuma yake. Na kama ilivyo kwa hodi ya mlangoni, mtu hapigi hodi kisha akapita sebuleni kimya. Baada ya kengele lazima ifuate sauti. Kengele inayopigwa karibu na sikio la mzee, kisha mpigaji akapita bila neno, ni amri ya kumwondoa njiani.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, nami nikiwa mwalimu mgeni, na baiskeli niliyoazimwa ilikuwa nyepesi, haina mzigo. Nilikuwa nikitokea upande wa Masaki kuelekea Kisarawe mjini. Kwenye mwinuko mmoja nikamkuta mzee akisukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, mgongo wake umepinda, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umekumbatia mzigo. Nilipiga kengele, akanipisha kwa taabu, nikapita. Nilijiambia kwamba nina haraka, na kwamba mtu aliye katika kazi nzito kama ile hahitaji kusumbuliwa kwa maneno.

Sikufika mbali, mnyororo ukakatika. Nilikuwa nimechutama kando ya njia, mikono imejaa grisi, aliponifikia. Yeye ndiye aliyeanza: “Pole, kijana.”

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nilikuona ukipita.”

Hakuongeza neno juu ya hilo. Aliiegemeza baiskeli yake kwa gongo, akatoa msumari mfukoni, akaokota jiwe, akaiondoa pingili iliyovunjika na kuunganisha mnyororo upya. Nilimsaidia kusukuma mkaa wake hadi juu ya kilima, na njia nzima tuliulizana hali kama ilivyostahili tangu mwanzo. Shikamoo yangu ilikuwa imechelewa kwa nusu saa, naye aliipokea bila riba.

Kwa wabeba mkaa, ambao kwa miaka mingi wameshuka kutoka misitu ya Kisarawe kwenda Dar es Salaam, nilijifunza baadaye kwamba ipo sheria ya tatu, iliyozaliwa na baiskeli yenyewe. Asiye na mzigo humwanza mwenye mzigo. Anayeteremka humwanza anayepanda. Neno lake ni *pole*: “Pole na mzigo,” au “Pole na kilima.” Mwenye mzigo hadaiwi jibu refu. Akitikisa kichwa amejibu, kwa kuwa pumzi yake ni mali anayoihitaji. Sheria hii haiangalii umri wala mavazi. Ukiitazama vizuri utaona ni ile ile ya aliyepanda na atembeaye, imesogezwa hatua moja mbele: mwenye wepesi ndiye mwenye deni.

Kibaha ilikuwa na hali yake. Mradi wa nchi za Nodiki ulioanza mwaka 1963, na kukabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970, uliweka pale shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, na ukaleta watu kutoka kila pembe ya nchi. Mchagga, Mnyakyusa na Mhaya hawakuwa na maamkizi ya nyumbani ya kushirikiana na Mzaramo. Waliyoshirikiana ni *shikamoo* na *hujambo*, na katika miaka ya Ujamaa, *ndugu*. Ila Kibaha ipo kwenye Barabara ya Morogoro, na penye malori mpanda baiskeli husikiliza nyuma yake kuliko mbele. Toka Mlandizi ukaingia njia ya Mzenga, malori yakapungua, ndipo sauti za watu zinaporudi. Ndivyo ilivyo duniani kote: Kariakoo hakuna awezaye kumwamkia kila apitaye, na mtu wa Amsterdam, wanakopita wapanda baiskeli maelfu, hafanyi hivyo pia. Salamu hustawi pale ambapo mtu mmoja mmoja bado anaonekana.

Leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya baiskeli. Jina lenyewe *bodaboda* lilianza kwa baiskeli, zilizovusha watu katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, kabla ya kuhamia kwenye injini. Lakini baiskeli imerudi kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa juma, alfajiri, wapanda baiskeli wa mazoezi kutoka mjini hupanda vilima vya Pugu hadi Kisarawe, wamevaa kofia ngumu na nguo za rangi. Wakikutana wao kwa wao huinuliana mkono na kuitana kwa furaha, nami hupenda kuwaona. Lakini nimeona pia, si mara moja, kundi likisalimiana na kundi huku mbeba mkaa aliye katikati yao akipitwa pande zote mbili kama jiwe la mpaka. Kwao neno *mwenzetu* lina maana ya aliyevaa kama sisi.

Sidhani kwamba wana kiburi. Nadhani hawakuambiwa, kama nami nilivyokuwa sijaambiwa. Yule mwenye magunia ndiye mpanda baiskeli hasa: ameipanda tangu ujana, ameitengeneza kwa msumari na jiwe, na kila kilima anakijua kwa magoti yake. Kama wapanda baiskeli wana udugu, yeye ndiye kaka mkubwa katika udugu huo, na kwa hesabu ya sheria zote tatu, ya umri, ya mpandaji na ya mzigo, deni la kuanza ni la hao wanaompita.

Mimi sasa nakwenda taratibu, na wengi hunipita. Nikisikia kengele nyuma yangu huhesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Mara nyingine sekunde tatu huisha kimya. Mara nyingine kabla ya ya pili husikia, “Shikamoo, mzee!” na mizani minne iliyobaki naimaliza mimi.