Programu huria katika kompyuta za mezani (Afrika Mashariki)

Programu huria katika kompyuta za mezani ni programu za ofisini, shuleni na nyumbani ambazo msimbo wake uko wazi, na ambazo leseni yake inamruhusu kila mtu kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa upya. Mifano inayojulikana zaidi ni mfumo endeshi wa Linux, programu ya ofisi ya LibreOffice na kivinjari cha Firefox. Washindani wake wakuu ni Windows na Microsoft Office. Afrika Mashariki ina mchango wake katika historia hii: mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, kabla Microsoft haijatoa Office ya lugha hiyo.

Asili

Mwaka 1983 Richard Stallman, Mmarekani, alitangaza mradi wa GNU wa kujenga mfumo endeshi ambao watumiaji wangekuwa huru kuubadilisha. Leseni yake, GPL, ilitolewa mwaka 1989. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alianza kuandika kiini cha Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL. Kiini hicho pamoja na vifaa vya GNU vilifanya mfumo kamili. Mazingira ya kuonekana kwenye skrini, yaani madirisha, menyu na aikoni, yalikuja na miradi ya KDE, ulioanza mwaka 1996, na GNOME, ulioanza mwaka 1997.

Programu ya ofisi ilipitia njia nyingine. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ilinunua Star Division ya Ujerumani, watengenezaji wa StarOffice, na mwaka 2000 ikauweka wazi msimbo wake kwa jina la OpenOffice.org. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, na mwezi Septemba mwaka huohuo sehemu kubwa ya wachangiaji ilijitenga na kuanzisha LibreOffice. Kwa kuwa leseni iliruhusu, hawakuhitaji kuomba idhini ya mmiliki mpya, na kazi ya miaka kumi haikupotea.

Kilinux na Jambo OpenOffice

Mradi wa kuweka programu huria katika Kiswahili, ulioitwa Kilinux, uliendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na IT +46, kampuni ya ushauri ya Sweden. Kazi ilianza na istilahi. Menyu za OpenOffice zina maelfu ya vifungu vifupi, na neno moja hujitokeza mara nyingi katika sehemu tofauti. Watafsiri wawili wakitumia maneno mawili kwa kitendo kimoja, mtumiaji hupotea. Kwa hiyo orodha ya maneno ilikubaliwa kwanza, ndipo tafsiri ya vifungu ikafuata.

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya muundo wa programu yenyewe. Katika OpenOffice, maneno yanayoonekana kwenye skrini hukaa kando na msimbo unaofanya kazi. Mtaalamu wa lugha anaweza kuyatafsiri bila kujua kuandika programu, kisha fundi akayarudisha na kuunda toleo jipya. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya OpenOffice.org 1.1.3. Iligawiwa bure, na ilifaa kwa Linux na kwa Windows pia, hivyo mtumiaji hakulazimika kubadili mfumo endeshi ili aandike barua kwa Kiswahili.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa kusahihisha tahajia. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli ndani ya neno moja. Kutoka kitenzi *leta* hupatikana *hawatatuletea*, *walivyoniletea*, *zingeletwa* na mamia ya maumbo mengine, na orodha ya maneno peke yake, hata iwe ndefu kiasi gani, haitoshi. Mfumo huria wa Hunspell, ulioandikwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari, lugha nyingine yenye viambishi vingi, unaruhusu kuandika kanuni za viambishi kando ya mizizi. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili inayotumika katika LibreOffice inatokana na kazi ya Jason Githeko, msomi wa Kenya.

Ushindani na Microsoft

Mwaka huohuo wa 2004 Microsoft ilitangaza kwamba ingetafsiri bidhaa zake kwa Kiswahili, na mwaka 2005 ikatoa nyongeza ya lugha hiyo kwa Office 2003. Kwa mara ya kwanza wazungumzaji wa Kiswahili walikuwa na programu mbili za ofisi za kuchagua katika lugha yao. Tofauti ilikuwa katika mamlaka. Nyongeza ya Microsoft ilisubiri uamuzi wa kampuni, na ilihitaji kwanza Office yenyewe. Tafsiri ya Jambo ingeweza kurekebishwa na mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyeona neno lisilofaa.

Hata hivyo, Windows na Office ndizo zilizobaki kwenye meza nyingi, na sababu zake zinafahamika. Kwanza, bei, silaha kuu ya programu huria kwingineko, haikuwa na makali kwa sababu nakala zisizo na leseni za Windows na Office zilipatikana kwa urahisi. Pili, vyuo vya kompyuta vya mitaani vilifundisha Word na Excel, na waajiri wakaomba hizohizo. Tatu ni muundo wa mafaili: hati iliyoandikwa kwa Word ilifunguka katika OpenOffice huku jedwali au mpangilio wa ukurasa ukivurugika, na lawama ikaiangukia OpenOffice. Muundo wazi wa ODF ulitambuliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006, lakini ofisi ziliendelea kutumiana mafaili ya Word.

Kikwazo cha nne kilikuwa mtandao. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti nyingi ilipitia setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya taratibu. Kupakua mfumo mzima wa Linux kulikuwa nje ya uwezo wa wengi. Ndiyo maana mpango wa Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, wa kutuma CD za bure kwa posta ulikuwa na maana kubwa. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2011.

Majaribio mengine ya kanda

Mwezi Januari 2005 watu wa mashirika yasiyo ya kiserikali kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikusanyika Kalangala nchini Uganda, katika visiwa vya Ssese ndani ya Ziwa Viktoria, kwa mafunzo ya Africa Source II kuhusu kutumia programu huria. Mwaka 2006 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Idlelo wa wanaharakati wa programu huria barani, uliotanguliwa na ule wa Cape Town mwaka 2004. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kilichopo Nkozi kilihamia programu huria katika miaka hiyohiyo, na uzoefu wake ukaandikwa na wasomi waliokuwa chuoni hapo.

Ugumu wa kuhama ulionekana Ulaya pia. Jiji la Munich liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux na likahamisha kompyuta zaidi ya 14,000, lakini mwaka 2017 baraza lake likapitisha kurudi Windows. Kuhama kunahitaji uongozi usiobadilika na mafunzo yasiyokatika.

Simiyu na mikoa ya pembezoni

Mfano wa mikoa ya pembezoni ya Tanzania ni Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, makao makuu yakiwa Bariadi. Ni mkoa wa Wasukuma, wa pamba na mifugo. Mtoto wa Lingeka, mkoani humo, huzungumza Kisukuma nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha hukuta Kiingereza kuwa lugha ya masomo akifika sekondari. Kompyuta yenye menyu za Kiingereza pekee inamtaka ajifunze lugha na kifaa kwa wakati mmoja. Ile yenye Kiswahili inamwachia kifaa tu, na hapo ndipo faida kubwa ya programu huria ilipo kwa mkoa kama huu.

Faida nyingine ni za matumizi ya kila siku. Katika steshenari, ambako watu huchapa barua za maombi ya kazi na kutoa nakala, mafaili husafiri kwa fleshi, na virusi husafiri nayo. Virusi vingi vya aina hiyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo haviwezi kufanya kazi kwenye Linux. Aidha, Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, huweza kufanya kazi kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 hupendekezwa.

Hali ya sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 hudai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa mpya kiasi, masharti ambayo kompyuta nyingi za mtumba zinazoingia Afrika Mashariki hazitimizi. Wenye kompyuta hizo ama wabaki na mfumo usiopata tena marekebisho ya kawaida ya usalama, ama wanunue mashine nyingine, ama wahamie Linux. Duniani, takwimu za StatCounter zilionyesha Linux ikipita asilimia 4 ya kompyuta za mezani mwezi Februari 2024.

Nje ya meza ushindi umekuwa mkubwa zaidi. Simu za Android hutumia kiini cha Linux. Takwimu za vituo vya afya Tanzania hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishiriki kuiendeleza. Hapa serikali ilichagua programu, ikafundisha watumishi wake na kuwa na wataalamu wa nyumbani wa kuitunza.

Meza ya shule na ofisi inahitaji mambo hayo matatu. LibreOffice bado ina toleo la Kiswahili cha Tanzania, lakini kila toleo jipya huleta vifungu vipya vinavyohitaji mtafsiri, na kisipotafsiriwa kifungu hubaki Kiingereza katikati ya menyu. Leseni inamruhusu mwalimu wa Bariadi kukitafsiri leo na kazi yake ikawafikia watumiaji wa Kiswahili popote walipo. Vyuo vya ualimu na idara za Kiswahili vikiifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya mafunzo, kilichoanzwa Dar es Salaam mwaka 2004 kitapata watunzaji wa kudumu.